Sanduku la Wagonjwa: Historia Fupi ya Ugonjwa Adimu na Ujirani wa Mji Mkongwe

Kitabu hiki cha maadhimisho kina kurasa nyingi za furaha: picha za sherehe, majina ya wazee waliotutangulia, habari za ujenzi na ukarabati wa hekalu letu. Sisi tuliopewa ukurasa huu tumeombwa kueleza jambo dogo ambalo kila aingiaye mlangoni huliona, na wachache huuliza asili yake. Pembeni mwa ngazi, mahali watu wanapovua viatu, pana sanduku la mbao lenye tundu juu na kufuli ubavuni. Halina maandishi marefu. Limeandikwa neno moja tu: Wagonjwa.

Kila mwaka, siku za Diwali, mtaa wa Hurumzi unapowaka taa, huja mtu mmoja akakaa kando ya sanduku hilo tangu magharibi hadi watu watawanyike. Si wa dini yetu. Ni Mwislamu wa Ng'ambo, mtu mzima mwenye watoto wake. Akicheka huonekana kwamba upande wa kushoto ana mapengo. Hatutamtaja jina, kwa kuwa mwenyewe hakupenda. Lakini historia ya sanduku hili haielezeki bila yeye, na habari yake haielezeki bila kwanza kusimulia mambo yaliyotukia mbali na hapa, na mengine yaliyotukia hapa hapa kabla hatujazaliwa.

Tuanze na yaliyo karibu. Ukitoka Hurumzi ukateremka kuelekea baharini, utafika barabara ya Mizingani, palipo na jumba lenye roshani za mbao zilizochongwa kwa ustadi, ambalo wageni wote hulipiga picha. Wengi hudhani lilikuwa kasri la mfalme. Ukweli ni kwamba lilijengwa kwa ajili ya wagonjwa. Sir Tharia Topan, mfanyabiashara Mkhoja wa asili ya Kachi, aliyekuja Unguja akiwa kijana maskini na kuishia kuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa mwambao huu, aliweka jiwe la msingi mwaka 1887, katika jubilei ya miaka 50 ya Malkia Victoria, akikusudia hospitali ya kuwahudumia maskini. Hakuiona ikikamilika. Alifariki India mwaka 1891, na jengo likamalizika mwaka 1894. Mwaka 1900 lilinunuliwa na mfanyabiashara mwingine, Haji Nasser Nur Mohamed, na vyumba vya chini vikawa zahanati ya hisani. Ndiyo maana hata leo, ambapo hapatolewi dawa tena, jumba lile linaitwa Dispensari ya Zamani.

Hakuwa peke yake. Ukoo wa Karimjee Jivanjee, Mabohora wa mji huu, ulichangia hospitali ya Mnazi Mmoja. Na ng'ambo ya bahari, katika India ya wazee wetu, Mparsi Sir Dorabji Tata alimpoteza mkewe, Lady Meherbai, mwaka 1931 kwa saratani ya damu. Mwaka uliofuata alianzisha mfuko wa kugharimia utafiti wa maradhi hayo, kisha naye akafariki mwaka huo huo. Waliobaki waliendeleza nia yake, na mwaka 1941 ikafunguliwa Bombay hospitali ya Tata Memorial, ambayo mpaka leo hupokea wagonjwa wa saratani kutoka nchi nyingi, Tanzania ikiwa mojawapo. Tunayataja haya ili ijulikane kwamba kutoa kwa ajili ya wagonjwa ni desturi kongwe katika mitaa yetu, na kwamba mara nyingi mtoaji hakuishi kuona matunda ya alichokitoa.

Sasa twende Uganda. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, aliitwa na mwenzake Hugh Trowell amtazame mtoto wa miaka mitano. Mtoto yule alikuwa amevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt alishangaa, kwani jipu au jeraha haliendi pande zote mara moja namna ile. Wiki chache baadaye alikuwa Jinja, akachungulia dirishani, akamwona uani mtoto mwingine mwenye uso wa namna ile ile. Alipompima aligundua kwamba tumboni pia pana uvimbe. Tangu siku hiyo hakutulia. Alipekua mafaili ya Mulago, akatambua kwamba watoto waliokuwa wakiandikiwa maradhi mbalimbali, huyu ya taya, yule ya figo, mwingine ya ini, walikuwa na ugonjwa mmoja. Mwaka 1958 alichapisha habari zake za kwanza. Ugonjwa huo ndio unaoitwa leo limfoma ya Burkitt, saratani ya chembe za kinga ya mwili. Kwa kukua upesi ina wenzake wachache. Uvimbe huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Duniani kwa jumla ni ugonjwa adimu. Katika ukanda wetu wa joto na mvua ndio uliokuwa ukiwaua watoto wengi bila kujulikana jina.

Burkitt alitaka kujua ugonjwa unaanzia wapi na kuishia wapi. Fedha alizopewa kwanza zilikuwa pauni 25. Kwa fedha hizo alichapisha karatasi zenye picha za watoto wagonjwa, akazipeleka kwa posta katika hospitali za Afrika akiuliza: mmewaona watoto kama hawa? Kisha Oktoba 1961, yeye na madaktari wenzake wawili wa misheni, Ted Williams na Clifford Nelson, waliondoka Kampala katika gari kuukuu aina ya Ford lililonunuliwa kwa pauni 250. Walisafiri wiki 10, maili zipatazo 10,000, wakipita hospitali kwa hospitali kuelekea kusini mwa Afrika na kurudi. Safari nzima iligharimu pauni 678. Waliporudi walikuwa na ramani. Ugonjwa ulikaa mahali penye joto na mvua za kutosha, ukatoweka penye miinuko ya baridi na penye ukame. Kwa macho ya daktari, ramani hiyo ilifanana sana na ramani ya mbu.

Hapa ndipo visiwa vyetu vinapoingia katika historia. Kwa joto lake na mvua zake, Unguja na Pemba zilistahili kuwamo katika ukanda wa ugonjwa. Lakini wataalamu walipochunguza walikuta kama doa jeupe katikati ya ramani: ugonjwa huu haukuonekana visiwani. Sababu waliyoifikiria ni kwamba tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, Shirika la Afya Duniani na serikali walikuwa katika kampeni ya kutokomeza malaria Zanzibar, na nyumba zilikuwa zikipigwa dawa mjini na shamba. Wazee wetu wanawakumbuka wapiga dawa wale, wakiwa na mitungi mgongoni, wakiamuru vyombo vitolewe nje. Hawakujua kwamba ukuta uliopigwa dawa ungekuja kuwa ushahidi katika hoja ya saratani. Kampeni ilisimamishwa mwaka 1968, na malaria ikarudi kwa nguvu.

Nusu nyingine ya fumbo ilifumbuliwa London. Machi 1961 Burkitt alitoa mhadhara huko, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo mtafiti kijana, Anthony Epstein, aliyekuwa akisaka virusi vinavyoweza kusababisha saratani. Wakapatana kwamba vipande vya uvimbe vipelekwe kwa ndege kutoka Kampala. Kwa zaidi ya miaka miwili hakuona kitu. Desemba 1963 ndege moja ilizuiwa na ukungu ikatua Manchester, na kipande kikachelewa. Kilipofika, maji yake yalikuwa yamekuwa kama maziwa, wengine wangekitupa. Epstein alikitazama kwa makini, akakuta chembe hai za uvimbe zikielea, na kutokana nazo chembe ziliweza kuoteshwa maabara. Februari 1964 hadubini ya elektroni ilionyesha kirusi ambacho hakikuwa kimejulikana. Epstein, Bert Achong wa Trinidad na Yvonne Barr walikitangaza mwezi uliofuata, na kikaitwa kirusi cha Epstein-Barr. Leo twafahamu kwamba karibu kila binadamu anacho, na wengi hawadhuriki nacho. Lakini mtoto anayeugua malaria mara kwa mara, kinga yake huvurugika, na kirusi hupata mwanya wa kushiriki katika kuzaa saratani.

Kujua chanzo ni jambo moja, na kuponya ni jambo jingine. Kampala ya wakati huo haikuwa na mashine ya mionzi, na kupasua taya na tumbo la mtoto hakukufaa kitu. Madaktari wakajaribu dawa za saratani, ambazo wakati huo zilikuwa changa na nyingine zilitolewa bure na watengenezaji. Matokeo yaliwastaajabisha. Uvimbe uliokuwa ukiziba jicho ulinywea kwa siku chache. Baadhi ya watoto waliopewa dozi moja au mbili tu, wakarudishwa kwao kwa kuwa hapakuwa na la zaidi, walikuja kukutwa vijijini miaka baadaye wakiwa hai na wazima. Kabla ya hapo ni saratani chache mno zilizowahi kuponywa kwa dawa peke yake. Mwaka 1967 kikafunguliwa Mulago kituo cha kutibu limfoma, kilichokuja kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda, chini ya John Ziegler. Na mwaka 1972, wakati wa misukosuko ya utawala wa Idi Amin, uongozi ulishikwa na Charles Olweny, Mganda. Kwa hiyo somo kwamba saratani ya mtoto yaweza kuponywa kwa dawa, ulimwengu ulilisoma kwa sehemu kubwa katika wodi za Afrika Mashariki.

Basi turudi nyumbani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kila alfajiri mama mmoja wa Kikwajuni alikuwa akiuza vitumbua katika kona karibu na hekalu. Siku moja mzee wa jamii yetu, muuza vitambaa, alimwona kimya.

"Mama, mbona leo sauti huna?"

"Mwanangu kavimba taya, bwana. Kang'olewa meno, na uvimbe unazidi."

Mtoto alikuwa na miaka sita. Alikuwa amepelekwa mahali ambapo walidhani ni ugonjwa wa meno, akang'olewa mawili, kisha la tatu. Kwa ugonjwa unaokua kwa siku, wiki tatu zilikuwa zimepotea. Daktari mwingine alipomwona alisema pasipo kuficha: avushwe Dar es Salaam, hospitali ya Ocean Road, tena upesi.

Mama hakuuliza kama dawa ipo. Aliuliza nauli ya boti kiasi gani, atalala wapi, na vitumbua vitauzwa na nani ili wadogo wapate kula. Wazee wetu walikutana jioni ile. Tuseme kweli, hawakuwa wa kauli moja. Mmoja aliuliza, kwa nini fedha za hekalu zitoke kwa mtu asiye wa hekalu? Alijibiwa na bibi mmoja mkongwe aliyekuwa akisuka maua ya puja pembeni: "Vitumbua tulivyokula miaka yote hii, tuliuliza ni vya dini gani?" Hakuna aliyeongeza neno. Fedha zikachangwa usiku ule, katika kopo la maziwa ya unga. Majirani wa Kiponda na Mkunazini nao wakaleta, kila mtu kwa uwezo wake.

Katika Ocean Road kilikatwa kipande cha uvimbe kikapimwa, na dawa zikaanza mshipani. Mama alisimulia kwamba baada ya siku nne aliamka akaona jicho la mwanawe, ambalo lilikuwa limefunikwa, likimtazama. Lakini hakudanganyika, kwani wauguzi walikuwa wamemwonya: uvimbe kupotea si mwisho wa ugonjwa, lazima dawa zimalizike, raundi hadi raundi. Walivuka bahari mara sita. Mara sita kopo lilizungushwa. Raundi ya mwisho ilipokwisha, mtoto alirudi akiwa na kichwa kisicho na nywele na mapengo matatu, akateremka botini Malindi akikimbia.

Habari hii ingekuwa tamu kama tungeishia hapo. Hatuwezi, kwa sababu sanduku halikutokana na mtoto aliyepona. Lilitokana na yule wa pili.

Miaka michache baadaye tuliletewa habari za mtoto wa kaskazini mwa Unguja, msichana, mwenye ugonjwa ule ule. Tulichanga, akaenda, uvimbe ukanywea. Akaenda mara ya pili. Kisha tukashughulishwa na mambo yetu: arusi, msiba, ukarabati wa paa. Kila mmoja alidhani mwenzake amekwisha peleka nauli. Baba yake, kwa haya, hakuja kuomba tena. Na kwa kuwa mtoto alionekana mzima, alijipa moyo kwamba amepona. Tulipopata habari, uvimbe ulikuwa umerudi na dawa hazikuushinda tena. Tuliokwenda mazikoni tulirudi bila kuzungumza. Hakuna hospitali ya kulaumiwa, na dawa zilikuwapo. Kilichokosekana ni nauli ya boti ya raundi ya tatu, ambayo ilikuwa ndogo kuliko bei ya sari moja katika maduka yetu.

Mwezi ule seremala wa Mkunazini alitutengenezea sanduku, akakataa malipo. Tulijiwekea masharti matatu ambayo hayajabadilika. Kwanza, sanduku hufunguliwa kila mwezi, bila kungoja sikukuu. Pili, familia ikishapata ratiba ya matibabu, nauli za raundi zote hutengwa siku ile ile, ili pasiwe na haja ya kuomba mara mbili. Tatu, mtu mmoja hupewa jukumu la kuuliza kila wiki: amekwenda? amerudi? Aliyelibeba jukumu hilo kwa miaka mingi sasa ni yule mwenye mapengo. Yeye huijua aibu ya kuomba, na husema kwamba hufika kabla aibu haijafika.

Ndugu waumini na majirani, hali ya leo si ile ya miaka ya 1990. Ocean Road imekuwa taasisi kamili kwa sheria tangu mwaka 1996. Watoto wenye saratani hutibiwa Muhimbili, ambako shirika la Tumaini la Maisha husaidia wapate matibabu bila kulipishwa. Malaria visiwani imepungua mno kwa vyandarua, kupiga dawa majumbani na dawa mseto. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani linasema kwamba watoto wapatao 400,000 hupata saratani kila mwaka. Katika nchi tajiri zaidi ya 80 kati ya kila 100 hupona, na katika nchi nyingi maskini hawafiki 30. Mwaka 2018 shirika hilo lilianzisha mpango wa kufikisha angalau watoto 60 katika kila 100 ifikapo mwaka 2030, na limfoma ya Burkitt ni mojawapo ya saratani sita zilizochaguliwa kuwa kipimo, kwa kuwa inaponyeka. Pengo lililopo halitokani na dawa peke yake. Linatokana pia na kuchelewa kutambuliwa na kutomaliza matibabu. Hayo mawili yamo ndani ya uwezo wa mtaa.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. La kwanza halina gharama: ukimwona mtoto mwenye uvimbe wa taya, shingo au tumbo unaokua kwa siku, usiseme ni jino, usiseme ni safura au jicho la watu. Mwambie mzazi wake aende hospitali leo, na ukiweza mfuate. La pili ni sanduku. Dini yetu huita dana kile kitolewacho bila kungojea malipo, na majirani zetu huita sadaka. Sarafu zikiingia ndani ya mbao hazijulikani zimetoka mkono gani.

Siku za Diwali zikifika, mtakapopita kuwasha taa zenu, mtamkuta amekaa mahali pake. Yuko tayari kusimulia habari zake kwa atakayeuliza. Ila akiona umeshika watoto mkononi, kabla ya salamu atawatazama mataya kwanza. Msichukie; ndivyo alivyozoea.